Radi Haitajwi

Harpenwick, Northamptonshire
3 Juni 1986

Kwako Gwenda,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wageni wanaopanga vyumba kwako kiangazi, maana mimi niko hoi. Si ugonjwa, ni anga. Mei yote imepita bila ngurumo hata moja, mpaka barometa iliyoko ukutani nimeanza kuipita bila kuitazama, kama jirani tuliyenuniana naye. Na jana Cuthbert, mwenzetu wa chama cha wapenda radi, kanipigia simu kutoka Norfolk, sauti imejaa asali, kuniuliza kama na huku kwetu Jumamosi mambo yalikuwa mazuri. Kwake radi zimeshapiga mara tatu. Mara tatu, Gwenda, kwa mtu anayezisikiliza huku anaangalia televisheni.

Hiyo ya mwisho ilikuwa yangu. Niliiona kwa macho yangu ikipanda upande wa kusini, wingu limejaa na kupanuka juu, nami nikafanya ujinga. Nilimwambia mama wa posta afanye haraka asije akalowa. Sijamaliza kusema, wingu likageukia mashariki. Najua utacheka, lakini ni wewe uliyetufundisha sote chamani kwamba radi haitajwi kwa mtu wa nje, na kila nilipovunja mwiko huo nimeumbuka. Basi nimeapa. Kiangazi hiki hata askofu akija kuniuliza, nitamwambia anga safi.

Shida ni kwamba kijiji kizima huniuliza mimi. Kwa sababu nina kile kisanduku cheupe cha vipimajoto bustanini na chombo cha kupimia mvua, wananiita profesa, na wanajua fika kwamba maisha yangu yote nilikuwa nakata ngozi kwenye kiwanda cha viatu. Ivor Beddoes, anayetunza uwanja wa kriketi, hakati nyasi mpaka apitie kwangu kwanza. Tulifanya kazi meza moja kiwandani, na ananiamini kuliko redio.

Nieleze kuna nini huko baharini.

Wako,
Leonard Thripp


Swanage, Dorset
24 Juni 1986

Leonard,

Acha kulialia. Ungekaa hapa kwangu ungelia kwa sababu. Dirisha langu la juu linatazama bahari hadi upeo, na wiki iliyopita niliona umeme ukicheza upande wa Ufaransa jioni nzima. Wageni wangu wanasubiri pudini, mimi nimesimama dirishani na bakuli zao mikononi. Radi ikaingia baharini, ikakohoa kidogo, ikafa. Mgeni mmoja kutoka Leeds akaniuliza kama kesho kutakuwa na jua la kwenda ufukweni. Nikamjibu ndiyo, kwa uchungu kabisa.

Lakini sikiliza. Mwanzoni mwa Julai joto litapanda kutoka Hispania na kuzaa radi. Redio inasema hivyo na magoti yangu yanasema hivyo, na si kawaida yao kukubaliana. Ikivuka bahari ikiwa hai, itapita kwangu, halafu Wiltshire, halafu kwako. Nitakupigia simu kama miaka yote. Nitasema tu, "Mgeni wako yuko njiani," nikate. Usiniulize mgeni gani, wala usimwambie mtu. Mimi nimefundisha jiografia hadi nikastaafu na najua wingu halina masikio. Hata hivyo usilitaje.

Gwenda Pascoe


Harpenwick
7 Julai 1986

Gwenda wangu,

Imekuja, na imekuja kwangu.

Simu yako ya Jumamosi ilinikuta najiandaa kwenda uwanjani. Ilikuwa siku ya mechi yetu na Welby, ile ya kila mwaka, kijiji kizima kiko nje na makofia ya jua. Mchana kutwa hakukuwa na dalili, joto tu, na ukungu mweupe upande wa kusini. Wakati wa chai hewa ikawa nzito hata ndege wakanyamaza. Halafu kusini kukawa rangi ya zambarau, kama ngozi iliyopigwa, na ule upepo wa baridi ukaja ghafla kando ya nyasi, unaoujua wewe. Radi ya kwanza haikunguruma. Ilipasuka. Baada ya hapo sikuweza tena kutofautisha umeme huu na ule, na mvua ya mawe ikashuka, kila jiwe kama njegere. Barabara ya kanisani ilikuwa mto.

Mechi ilivunjika, na kulikuwa na usumbufu kidogo pale uwanjani, lakini hayo ni ya kijiji.

Asante kwa simu.

Leonard


Swanage
10 Julai 1986

Leonard, mtu mwenye bahati,

Nimeisoma barua yako jikoni, nimeisoma tena kwenye ngazi, na nimekuonea wivu. Hapa kwangu mgeni wetu alipita tu akinguruma kama mtu anayesogeza kabati. Nilipokata simu ile nilicheza dansi na taulo la vyombo, na yule bwana wa Leeds akaniona. Sasa ananiheshimu zaidi au ananiogopa, sijajua.

Ila sikuelewi. Ukiona ngurumo moja tu ya mbali huwa unaniandikia kurasa sita. Safari hii umepata radi ya kiangazi kizima na umenipa ukurasa mmoja. Hata hukusema ulikuwa umesimama wapi. Tangu lini Leonard Thripp akaacha kusema alikuwa amesimama wapi? Na usumbufu gani huo? Hema la chai limeruka?

Nimeshamwandikia katibu wa chama kwamba wewe ndiye utakayezungumza kwenye mkutano wetu wa Oktoba. Usinitie aibu. Njoo na kurasa zako sita.

Gwenda


Harpenwick
18 Julai 1986

Mpendwa Gwenda,

Mwambie katibu aniondoe. Sitazungumza Oktoba wala sitakuja.

Ivor amepigwa na radi. Siku ile ile, uwanjani. Alikuwa anavuta turubai kufunika sehemu ya kuchezea, na radi ikapiga mti mkubwa ulio pembeni, ikamrukia. Yu hai. Sikio la kulia limekwisha kabisa na la kushoto linasikia kwa shida. Mikono inamtetemeka, kikombe anashikiwa na mkewe. Madaktari wanasema ana bahati, na watakuwa wanajua wanachosema.

Hakuna aliyejua kwamba itakuja. Yametokea, basi. Watu hapa wananihurumia mimi pia. Wakinikuta dukani wananigusa bega, wananiambia nisijisumbue, mambo ya hewa hata profesa hukosea. Nesta, mke wa Ivor, alisikia kwamba sitoki nyumbani. Akaniokea keki, yeye ambaye kila siku yuko kwenye basi la kwenda hospitali, akaja nayo mwenyewe mpaka mlangoni na kunisihi nisiache kula.

Nimeila.

Leonard


Swanage
21 Julai 1986

Leonard,

Nimekaa na barua yako mbele yangu na sijui nianzie wapi. Nampa pole Ivor na mkewe. Tafadhali uwafikishie, hata kama hawanijui.

Lakini umeandika kwamba hakuna aliyejua. Nilikupigia simu mimi. Ilikuwa asubuhi, jua linawaka, na wewe ulicheka kwa furaha kabla sijakata. Nimekisikia kicheko kile kichwani siku nzima ya leo. Kwa hiyo kulikuwa na watu wawili waliojua, na mmoja wao alikuwa anacheza dansi jikoni.

Uliniambia Ivor hafanyi kitu bila kukuuliza. Alikuuliza siku ile? Ulimjibu nini?

Sikuulizi ili nikuhukumu. Nakuuliza kwa sababu sauti iliyokuletea habari ilikuwa yangu.

Gwenda


Harpenwick
30 Julai 1986

Gwenda,

Aliniuliza.

Nilimkuta katikati ya uwanja, turubai limekunjwa pembeni. Akaniita kwa mzaha kama kila mwaka.

"Profesa, tulitandaze au tuliache?"

Nikatazama kusini. Kulikuwa na ukungu wa joto tu. Nikamwambia, "Liache. Anga safi leo."

"Basi kazi yangu imekwisha," akasema. "Nakwenda kunywa bia."

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyenishikilia kisu. Ningemwambia kweli, mechi ingeahirishwa, turubai lingetandazwa kabla ya chakula cha mchana, na radi ilipofika yeye angekuwa ndani na bia yake. Lakini nilikuwa nimeisubiri tangu mwaka jana, na niliogopa nikiitaja itageuka iende kwa Cuthbert. Mtu mzima, Gwenda, nina miaka sitini na sita, nilimdanganya rafiki yangu ili wingu lisisikie.

Na bado si yote. Uliniuliza nilikuwa nimesimama wapi. Sikuwa nimesimama. Kulipoanza kubadilika rangi niliondoka kwenye hema taratibu, nikaenda kukaa kwenye gari langu, nililokuwa nimeliegesha juu ya kilima tangu mchana ili nione vizuri. Ndani ya gari mtu yuko salama, hilo sisi wa chama tunalijua sote. Pale uwanjani nililijua peke yangu. Matone ya kwanza yaliposhuka, nahodha alipiga kelele wafunike, na Ivor akatoka mbio na turubai. Nilimwona. Honi ilikuwa mbele ya mkono wangu, na angeisikia. Sikuipiga. Si kwa ubaya, naapa. Nilikuwa naangalia juu.

Sasa wanapita na kunifariji. Wananisamehe ujinga ambao sikuwa nao, nami nautumia kujificha. Kila anayenigusa bega natamani anizabe kofi.

Ungekuwa mimi ungefanya nini?

Leonard


Swanage
2 Agosti 1986

Leonard,

Sikupi pole, na najua hukuiomba.

Mwiko ule niliuanzisha mimi. Ilikuwa mzaha wa meza ya chai, mwaka ule tulipokutana mara ya kwanza na sote tulikuwa tumekosa radi kiangazi kizima. Watu walicheka, na kwa sababu walicheka niliurudia kila mwaka mpaka ukawa sheria. Sikuwahi kufikiri kuna mtu atauweka mbele ya rafiki yake. Wala sikuwahi kufikiri kwamba hatauweka. Sikufikiri kabisa. Wengi wetu tunaomba kitu ambacho kikija lazima kimwangukie mtu, na hilo hatulisemi kwenye mikutano.

Nenda kwa Ivor. Usimwandikie. Nakujua wewe na kalamu yako, utajaza mawingu ukurasa mzima na yeye utamweka chini mwishoni. Nenda umwambie kwa mdomo wako. Na keki ya mkewe usiionje tena mpaka uwe umesema.

Ukitaka mtu wa kusimama naye pale mlangoni, nitafunga nyumba, wageni waende kwingine, nitapanda treni nije.

Gwenda


Harpenwick
23 Agosti 1986

Mpendwa Gwenda,

Usije. Nimekwenda.

Amesharudi nyumbani, amekaa kwenye kiti cha karibu na dirisha. Nesta alinikaribisha kama ndugu na kabla sijasema lolote akaniwekea kisahani cha keki magotini. Nikaanza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. Ivor akanigeuzia sikio la kushoto.

"Sikusikii, Len. Sema kwa nguvu."

Nikarudia. Akatikisa kichwa, bado. Nilikuwa nimejizoeza maneno hayo wiki nzima mbele ya kioo, yote ya upole, na hakuna hata moja lililofaa kupigiwa kelele. Mwisho nikasimama, kisahani mkononi, nikapaza sauti.

"Nilijua inakuja. Nilikuambia anga safi, na nilijua inakuja."

Dirisha lilikuwa wazi. Jirani alikuwa anakata nyasi, na mashine yake ikanyamaza. Nesta akatoka jikoni. Alinitazama, akakichukua kile kisahani kutoka magotini kwangu, maana nilikuwa nimekaa tena bila kujua, akarudi nacho jikoni.

Ivor akaniuliza nilijua tangu lini. Nikamwambia, kwa kelele, tangu kabla sijavaa viatu. Akauliza kwa nini sikusema. Nikamweleza mwiko wetu, Gwenda. Jaribu siku moja kueleza mwiko ule kwa kupiga kelele, kwa mtu ambaye mikono inamtetemeka mapajani. Nilipofika katikati nilitamani sakafu ipasuke.

"Kwa hiyo uliitaka," akasema.

"Niliitaka."

"Kuliko mimi."

Akageukia dirisha. Halafu akaniambia kwamba siku hizi akiona wingu jeusi anajificha kwenye kabati la chini ya ngazi, na mvi zake zote, na Nesta anakaa nje ya mlango wa kabati kumsemesha ingawa hamsikii. Radi yenyewe haisikii vizuri, ila anaisikia kwenye miguu.

"Kuanzia leo ukijua, uje uniambie," akasema. "Simu siisikii. Uje hapa mlangoni, useme. Nataka nijue mapema, nisikutwe tena. Na usidhani nimekusamehe."

Sikudhani.

Habari imeenea, jirani alihakikisha. Dukani hakuna anayenigusa bega. Unaweza usiamini, lakini nalala vizuri kidogo.

Leonard


Swanage
1 Septemba 1986

Leonard,

Nimesoma na nimelia, kisha nikakasirika kwamba nimelia, kwa sababu aliyeumia si mimi.

Nami nikuambie la kwangu. Nilidhani baada ya haya nitaacha. Juzi wingu limepanda baharini, nikaacha soseji za wageni zikaungua, nikakimbilia dirishani na moyo unanidunda kama wa msichana. Nilikuwa nimeshafika dirishani ndipo nikamkumbuka mume wa Nesta. Kila mara furaha inatangulia na aibu inafuata nyuma. Nimejaribu kuzigeuza na zimekataa.

Ikija nitakupigia. Lakini sitasema tena mgeni. Nitaita radi, radi, na wageni wangu wasikie. Nawe ukimbie kwa Ivor.

Gwenda


Harpenwick
15 Septemba 1986

Mpendwa Gwenda,

Uliponipigia jana nilikwenda hata koti sikuvaa. Nikagonga. Akafungua mwenyewe, na nikasema kwa sauti yote niliyo nayo, pale pale barabarani, mbele ya watu waliotoka kanisani: "Ivor, radi inakuja. Itafika alasiri."

Alipauka. Nikageuka niondoke, maana nilikuwa nimetimiza alichotaka, lakini akanishika mkono wa shati akaniambia niingie. Hakwenda kwenye kabati. Alisema kwa kuwa amejua mapema atajaribu kukaa kitini kama mtu. Nesta alifunga mapazia, akakaa upande mmoja, mimi upande mwingine. Ivor alinishika mkono akaubana, na kutetemeka kwake kukapita mpaka begani kwangu. Chumba kikawa giza taratibu. Ule upepo wa baridi ukapuliza chini ya mlango, na mbali, upande wa kusini, ikanguruma. Mimi niliisikia. Yeye aliisikia kwenye miguu, akafumba macho.

Ikanguruma tena, karibu kidogo. Halafu mara ya tatu, na hiyo ilikuwa mashariki. Ikageuka, Gwenda. Ikaenda zake Norfolk kama kawaida. Baada ya muda Nesta akafungua mapazia na kukawa na jua kwenye zulia. Ivor akashusha pumzi ndefu, akacheka, machozi yakamtoka. Akasema ni mara ya kwanza tangu Julai kukaa nje ya kabati radi ikinguruma. Akanipiga piga mgongoni. Nesta akaniletea chai, chai tu, bila keki, lakini akaniletea.

Nakuandikia hili wewe kwa sababu hakuna mwingine ninayeweza kumwambia. Ilipokaribia, nilikuwa nimekaa nimeshikwa mkono na mtu niliyemharibia maisha, nasikia anavyotetemeka, na moyoni nilikuwa naiomba ije. Na ilipogeuka, yeye alipokuwa analia kwa furaha, mimi nilisikitika.

Leonard